Usiwamalizie Igizo

Igizo letu la kwanza la uanaharakati lilishangiliwa kuliko yote tuliyowahi kucheza, na ndilo linalonitia aibu hadi leo. Lilihusu kamati ya maji inayouza zamu za foleni. Mhusika wetu mkuu, mama mwenye ndoo, alimkabili mwenyekiti, akamwaga ukweli wote, mwenyekiti akapiga magoti, vigelegele vikapaa. Tulipokuwa tukikusanya vifaa, mama mmoja mtu mzima alinisogelea, akaniambia taratibu: "Mwanangu, mmecheza vizuri. Ila yule mama yenu ana ujasiri kwa sababu kesho hayupo hapa."

Nilijiambia kwamba hajaelewa sanaa. Ujana nao!

Baadaye sana nikakutana na habari za Augusto Boal, mwanamaigizo wa Brazili. Kundi lake liliwahi kuwachezea wakulima wa kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, likiimba kwamba damu imwagwe ili ardhi ikombolewe. Mkulima aitwaye Virgílio akafurahi, akawaalika wabebe bunduki zao waende wote kupigana. Wakamweleza kwa aibu kuwa bunduki zile ni za maonyesho tu. Basi njooni ninyi, akasema, bunduki tunazo. Wakasita. Hapo Virgílio akang'amua kwamba damu iliyoimbwa ilikuwa ya wakulima, si ya wasanii. Boal aliapa kutowashauri tena watu jambo ambalo yeye mwenyewe hayuko tayari kulifanya.

Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka yule mama.

Tangu hapo tunacheza igizo linaloishia pabaya. Mama anashindwa, ndoo inarudi tupu. Kisha tunaanza upya, na mtazamaji yeyote anaweza kupaza sauti "simama!", akapanda, akachukua nafasi ya mama na kujaribu njia yake. Mbinu hii ni ya Boal, na inaonekana rahisi mpaka uijaribu. Kosa letu kubwa lilikuwa kumruhusu mtazamaji achukue nafasi ya mwenyekiti. Kila aliyepanda alimfanya mwenyekiti kuwa malaika, na tatizo likayeyuka kama halikuwahi kuwapo. Anayebadilishwa ni anayeonewa. Na mwigizaji wa mwenyekiti asilegee kirahisi: atumie visingizio vilevile anavyotumia mwenyekiti wa kweli, avisikilize mtaani kabla ya mazoezi.

Mwezeshaji, yaani anayeongoza mazungumzo na hadhira, naye azuie ulimi wake. Mimi nilikuwa naharibu kwa kusifu: "Hongera, umepata jibu!" Ukishasema hivyo, hakuna mwingine atakayepanda. Siku hizi nauliza hadhira tu: hili lingewezekana? Halafu nanyamaza, hata kimya kikiwa kirefu mpaka waigizaji wenzangu wanaanza kunikodolea macho.

Jambo lisilo na mzaha ni visa vya kweli. Usimpandishe mtu kuigiza maumivu yake mwenyewe. Changanya visa vya watu kadhaa, badilisha kazi, umri na idadi ya watoto, kisha wasomee waliokusimulia kabla hadhira haijaona. Aliyekubali jana ana haki ya kukataa asubuhi ya onyesho, hata kama mfadhili ameshaketi. Pia ujue mapema nani atakaa viti vya mbele, maana mwenyekiti halisi huwa anakuja, na atakumbuka ni nani aliyepanda jukwaani.

Wenye mamlaka si lazima wawe maadui wa kazi hii. Boal alipokuwa diwani jijini Rio de Janeiro, kati ya 1993 na 1996, mapendekezo yaliyotoka kwenye maonyesho ya namna hii yalizaa sheria 13 za jiji. Lakini yeye alikuwa na kiti barazani. Sisi wengine tunahitaji daftari la kuandika kila jaribio, na mtu wa kurudi nalo kwa viongozi wanaohusika baada ya wiki mbili.

Tulipolicheza upya lile la maji, kijana mmoja alipanda akafoka, mwenyekiti akamzima kwa sentensi moja. Kisha akapanda dada mmoja, akawavuta wenzake watatu kutoka kwenye hadhira, akaomba daftari la zamu lisomwe hadharani. Hilo halikuwa kwenye mswada wetu. Mwigizaji wetu alibabaika kweli, si maigizo.

Aliposhuka nikamuuliza kama kesho angeweza kulifanya.

"Tukiwa wanne, ndiyo," akasema. "Peke yangu, hapana."