Windows ya zamani, kompyuta mpya: maswali yenu

Fundi, kompyuta yangu ya mezani imechoka. Nikiunda nyingine, naweza kuhamishia Windows iliyokuja nayo? (Kondele, Kisumu)

Hapana. Windows iliyotoka kiwandani pamoja na mashine ni leseni ya OEM (ya mtengenezaji wa kompyuta), na hiyo hufungamana na bodi kuu (motherboard) ya mashine ile. Badilisha RAM, diski, hata prosesa, leseni itabaki. Ukibadilisha bodi ili tu upate kasi, kwa Microsoft hiyo ni kompyuta mpya na inataka leseni mpya. Lakini bodi ikiharibika, ukaweka ya aina ileile au ile mtengenezaji anayoitambua kuwa badala yake, leseni yako inaendelea. Shika sana hilo, usije ukalipia mara ya pili kitu ambacho ni chako.

Nitajuaje yangu ni ya aina gani? (Section 58, Nakuru)

Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika *slmgr /dli*, ubonyeze Enter. Kisanduku kitakuonyesha OEM, RETAIL au VOLUME. RETAIL, yaani iliyonunuliwa peke yake, ndiyo inayohama, mashine moja kwa wakati mmoja. Iunganishe na akaunti yako ya Microsoft kabla hujafungua kasha la kompyuta, kisha uiondoe kwenye mashine ya zamani. VOLUME ni ya shirika au kampuni. Ukiikuta kwenye kompyuta ya mtumba, mrudie aliyekuuzia: kununua mashine ya kampuni hakukupi leseni ya kampuni.

Kuna mtu ananiuzia stika ya Windows 7 iliyobanduliwa kwenye kompyuta kuukuu. Bei ni ya chini sana. (Kakamega)

Usinunue. Stika bila mashine yake si leseni. Tena, tangu Septemba 2023 Microsoft ilifunga njia ya kutumia namba za leseni za Windows 7 na 8 kuamilisha (kuwasha leseni ya) matoleo mapya.

Nafungua saiba na pesa za leseni sina. Niweke Windows ya kuvunjwa, ile isiyolipiwa leseni? (Bungoma)

Tafadhali usifanye hivyo. Wateja wako wataandika nywila za eCitizen (huduma za serikali), KRA (kodi) na HELB (mikopo ya wanafunzi) kwenye kompyuta hizo, na programu za kuvunja leseni ni maficho ya kawaida ya virusi vinavyoiba nywila. Atakayeumia ni mwanafunzi aliyekuja kuomba mkopo.

Weka Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya kuendesha kompyuta badala ya Windows. Ni za bure kwa halali, na LibreOffice, programu ya kazi za ofisi, inatosha kuchapa barua na CV. Ziwashe kwanza kutoka kwenye flashi, bila kufuta chochote, ujaribu printa na skana. Zikikubali, sakinisha.