Shangazi, nimemlilia Robin Williams na watu wananicheka

*Shangazi shikamoo. Mi ni MC wa masherehe hapa Tanga, nina miaka 34, mke na watoto wawili. Agosti hii zile klipu za Robin Williams zimezunguka tena kwenye simu, nikakaa naangalia moja baada ya nyingine hadi usiku wa manane nikajikuta nalia kama mtoto. Nikaandika kwenye grupu kwamba kifo cha yule mzee bado kinaniuma, washkaji wakanicheka eti MC analilia mzungu aliyekufa zamani. Hivi ni kawaida kweli kumlilia mtu hata hakujui? Maana kachekesha dunia nzima kumbe ndani anaungua na hakuna aliyejua. Nikajisemea angalau sasa kapumzika. Mimi mwenyewe siku hizi nikitoka ukumbini nazima gari nje ya nyumba yangu nakaa humo humo, siingii mpaka mke wangu apige simu. Usingizi bila konyagi hauji. Rafiki yangu mmoja nilimwambia, akacheka, akasema MC hiyo iweke kwenye shoo. Samahani kwa barua ndefu. – MC, Tanga*

Marahaba mwanangu, na barua yako wala sio ndefu, ungeongeza hata kurasa mbili ningesoma.

Nianze na ulichouliza, hicho hakinichukui muda. Ndiyo, ni kawaida. Mtu umemwona toka uko mdogo, kavaa gauni la bibi kwenye Mrs. Doubtfire, katoka porini na madevu kwenye Jumanji, kalitolea sauti lile jini la Aladdin, yaani kaingia sebuleni kwenu mara nyingi kuliko baadhi ya wajomba zako, sasa kwa nini usimlilie? Na nyie watu wa Tanga ndo mngepaswa kuwa wa mwisho kumcheka mwenzenu kwa hili. King Majuto, mchekeshaji wa hapo hapo kwenu, alipofariki Agosti 8 mwaka 2018 nchi nzima ililia, na wengi waliolia hawakuwahi hata kumpa mkono. Waambie hao wa grupu Shangazi kasema wakae kimya.

Ila kuna tofauti moja kati ya misiba hiyo miwili na nadhani hiyo ndo inayokutesa. Mzee Majuto tulijua anaumwa. Tulimwona kakonda, tulisikia kapelekwa India, karudi, yuko Muhimbili, watu wakachanga na kuomba dua, alipoondoka tulilia lakini hatukushtuka. Robin Williams alifariki nyumbani kwake California Agosti 11 mwaka 2014, ana miaka 63, kwa kujiua, na dunia ikabaki inaulizana ilikuwaje mtu wa vile. Kuanzia hapo ikajengeka ile hadithi ambayo na wewe umeibeba kwenye barua yako, kwamba mchekeshaji ni mtu anayecheka nje na kuungua ndani na mwisho wake ndo ule. Mimi hiyo hadithi siipendi, na wewe hasa sitaki uishike, maana unaisoma kama vile inakuhusu.

Ngoja nikueleze kilichotokea kwa yule mzee, maana klipu hazisemi. Kweli alikuwa na historia yake, unga na pombe aliviacha miaka ya themanini, pombe ikamrudia mwaka 2003, mwaka 2006 akaenda mwenyewe kutibiwa, na hakuficha, alikuwa anapanda jukwaani anaisimulia. Sonona pia alikuwa nayo. Lakini miezi yake ya mwisho kuna kitu kingine kilikuwa kinamla. Mwezi wa tano 2014 madaktari walimwambia ana Parkinson. Alipofariki na mwili kufanyiwa uchunguzi ndo ikaonekana ubongo wake ulishambuliwa vibaya na ugonjwa unaitwa Lewy body, ambao unakula kumbukumbu, unaleta hofu zisizo na sababu, unafukuza usingizi, unamfanya mtu aamini vitu visivyokuwepo. Mke wake, Susan, aliandika mwaka 2016 kwenye jarida la madaktari wa ubongo jinsi mumewe alivyohangaika kukumbuka mistari kwenye filamu yake moja ya mwisho, wakati miaka mitatu tu kabla ya hapo alikuwa anacheza tamthilia jukwaani Broadway, mamia ya mistari, hakosei. Na mama aliyekuwa anampaka mekapu kwenye hiyo filamu alisimulia baadaye kwamba kazi ikiisha alikuwa anamlilia mikononi, kwamba hajui tena namna ya kuchekesha.

Kwa hiyo sio kweli kwamba hakuna aliyejua lolote. Mkewe alikuwa anahangaika naye kwa madaktari, yule mama wa mekapu alimshika akilia. Walichokosa ni jina la kweli la ugonjwa. Hiyo habari ni nzito sana, lakini ni tofauti na hadithi ya mchekeshaji anayekufa kwa sababu ya uchekeshaji wake. Kuchekesha hakukumuua. Unajua Christopher Reeve, yule Superman wa zamani, walisoma naye chuo, alipoanguka kwenye farasi mwaka 1995 akapooza mwili mzima, yuko hospitali anasubiri operesheni na hataki tena kuishi, mara mlango unafunguliwa anaingia daktari kavaa kofia ya bluu na gauni la njano anabwata kwa lafudhi ya Kirusi anasema amekuja kumpima huko nyuma. Alikuwa Robin. Reeve alisema ndo mara ya kwanza kucheka toka ajali, na hapo akajua maisha bado yapo. Hiyo ndo kazi yako unayoifanya kila Jumamosi mwanangu, usije ukaidharau wala kuiona ndo ugonjwa wenyewe.

Sasa tuje kwenye yale uliyoyaweka mwisho mwisho, kabla ya kuomba samahani.

Umesema "angalau sasa kapumzika". Hapo nilisimama. Hujakosea peke yako, siku ile alipofariki hata wale wa tuzo za Oscar walitoa picha ya jini la Aladdin na maneno ya kumwambia sasa uko huru, ikasambaa dunia nzima, na watu wanaofanya kazi ya kuzuia kujiua wakapiga kelele kwamba jamani hilo ni neno la hatari, mnamwonyesha mtu aliyechoka kwamba kifo ni mlango wa kutokea. Mimi nilikuwa upande wao na bado niko upande wao. Kupumzika ni kitu ambacho mtu anakifanya halafu anaamka, anakunywa chai. Watoto wake watatu hawakuona kapumzika, waliona baba hayupo.

Na kwa sababu uliliandika hilo, halafu mstari unaofuata ukaandika habari za gari, nakuuliza wazi wazi bila kuzunguka: unafikiria kujiua? Watu wanaogopa kuuliza hivi wakidhani utamtia mtu wazo kichwani. Halimtii. Kama lipo lilishakuwepo, na kama halipo utaniambia Shangazi hapana, nimechoka tu, tunaendelea. Kama jibu ni ndiyo, na hasa kama umeshaanza kufikiria lini na vipi, basi acha kusoma hapa. Mwamshe mkeo sasa hivi, usibaki peke yako usiku huu, chochote ulichokuwa unakifikiria kitoke humo ndani kikakae kwa mtu mwingine, na muende hospitali ya Bombo, dirisha la dharura halifungi.

Najua na kuna woga mwingine ambao watu hawausemi. Kwenye Kanuni yetu ya Adhabu bado kuna kifungu cha 217, kujaribu kujiua ni kosa. Wenzetu Kenya Mahakama Kuu yao Januari 2025 ilisema kifungu kama hicho kinapingana na katiba, kwetu bado kipo, na kwa maoni yangu kinafanya watu wafe kimya. Lakini nisikilize vizuri: kuwa na mawazo hayo na kumwambia daktari sio kosa. Hakuna polisi anayekuja kukuchukua kwa sababu umesema silali, nimechoka kuishi. Unaandikwa kwenye faili kama mgonjwa mwingine yeyote.

Kama jibu ni hapana, bado hospitali unaenda, tena wiki hii. Usingizi hauji, konyagi ndo dawa ya usingizi, nyumbani kwako unapaogopa, hiyo sio uchovu wa msimu wa harusi. Usichanganye na hadithi ya Robin ukaanza kujipima ubongo kwa kugugo usiku, ugonjwa wake ni wa watu wazima zaidi na una mambo yake, wa kwako kuna uwezekano mkubwa ukawa sonona ya kawaida ambayo inatibika. Wanaweza kukutoa damu, maana kuna upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo ambayo yanamfanya mtu awe vile vile. Watakuuliza unakula, unalala, unakunywa kiasi gani, na hapo kwenye kunywa sema ukweli, usipunguze kama unavyopunguza kwa mkeo. Wanaweza wakakupa mtu wa kuongea naye, wanaweza wakakupa vidonge, na vidonge hivyo vinachukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti kwa hiyo siku ya nne usije ukavitupa ukasema havifanyi kazi. Na hapana, hawakupeleki Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, na gari la wagonjwa, hayo ni ya kwenye vichekesho vyenu ma-MC, na ningeomba huo utani mupunguze maana kuna mtu kakaa meza ya nyuma kabisa ukumbini anausikia na anaghairi kwenda kutibiwa.

Watakuja watakaokwambia umerogwa, wengine imani yako ndogo, swali zaidi. Swali, mwanangu, nenda kasomewe dua kama moyo unataka, halafu ukitoka hapo upande bodaboda uende Bombo. Mbona presha tunaomba dua na vidonge tunameza?

Kuhusu huyo rafiki aliyekwambia uiweke kwenye shoo. Mi simlaumu sana, na wewe usimnunie. Wewe kila ukifungua mdomo watu wanasubiri pa kuchekea, hata ungesema nyumba inaungua wangekusubiri umalizie. Na naamini ulimwambia kwa mtindo wako, ukaweka na kautani mwishoni ili usionekane dhaifu. Sasa unarudia, kwa mtu mwingine au kwa huyo huyo, lakini safari hii kwa maandishi na bila kipambo. Mwandikie hivi, nakuandikia mimi wewe unakopi tu:

"Kaka, siko sawa, muda mrefu sasa. Sitanii. Silali, na nakunywa ili nilale. Naomba Jumatatu asubuhi unisindikize hospitali, nisipokwenda na mtu sitaenda. Sitanii tena narudia."

Usiweke kale kakatuni ka kucheka machozi. Najua mkono utakuwasha.

Mkeo naye anajua kuna kitu. Mwanamke anayepiga simu kumwita mume ambaye gari lake kaliona dirishani keshajua siku nyingi, anachosubiri ni wewe useme, na pengine keshafikiria kwamba una mtu nje. Mwambie. Sio lazima umwambie yote usiku mmoja, anza na hilo la gari. Mwambie nakaagi mle kwa sababu kumbi zinanimaliza na nikiingia ndani nahisi natakiwa nichekeshe tena. Nimekisia hapo, kama sababu ni nyingine mpe hiyo nyingine.

Na kazi, nakuomba upumzike kwa maana ile ya kweli ya kulala na kuamka. Sherehe ambazo hujachukua hela ya awali zikatae. Ambazo umeshachukua, kaa na mwenyekiti wa kamati, mwambie unaumwa na uwape MC mwingine unayemwamini mgawane, ma-MC wa Tanga mnajuana wote. Hawatakuomba cheti cha daktari, na wakikuomba utakuwa nacho.

Ukishaenda niandikie hata neno moja, nitakaa nalisubiri. Ila mimi barua nasoma mchana, tena sio kila siku, kwa hiyo ikiwa ni saa nane usiku na mambo yamekuzidi humo kwenye gari usianze kunitungia barua, piga honi mkeo atoke.