Chagua mwaka kabla ya mchumba: barua kwa mwanangu anayeandika riwaya

Mwanangu Neema,

Marahaba. Barua yako nimeipata pamoja na sura tano za kwanza. Nimezisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli mkononi. Umeniuliza ufanyeje ili riwaya yako ya mapenzi ya Waayalandi waliohamia Marekani isomeke kama ya watu wa zama zile, wasionekane watu wa leo waliovishwa nguo za zamani. Nakujibu kwa urefu kwa sababu mswada una uhai. Unachokosa ni mwaka.

Umeandika "wakati wa njaa" ukaishia hapo. Njaa ile ya Ireland ilidumu tangu 1845, viazi vilipoanza kuozea shambani kwa ugonjwa wa ukungu, hadi karibu 1852. Iliua watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni wakahama. Msichana aliyeondoka 1847 na aliyeondoka 1856 hawakupanda chombo cha namna moja, hawakupokelewa na watu wale wale, wala hawakuwa na nafasi sawa ya kupenda.

Caitlin wako anatoka Mayo, magharibi mwa Ireland, mwaka 1848, anashuka Ellis Island na kulia akiitazama Sanamu ya Uhuru. Sanamu ilizinduliwa Oktoba 1886, na kituo cha Ellis Island kilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892. Mwaka 1848 abiria walishuka moja kwa moja gatini New York, wakapokelewa na wapiga debe. Baadhi yao walikuwa Waayalandi wenzao, wanawasalimia kwa lugha ya nyumbani huku wanawanyang'anya sanduku na kulipeleka kwenye nyumba ya kulala wageni ambako bei ilipanda usiku kucha. Wengine waliwauzia tiketi za bandia za kuendelea na safari. Jimbo la New York lilifungua kituo cha Castle Garden mwezi Agosti 1855 ili kuwakinga wageni na watu hao. Ukumbi ule wa duara ulikuwa wa muziki kabla ya hapo.

Na jina pia. Caitlin kwa tahajia hiyo ni mtindo wa karne ya 20. Colleen, Erin na Shannon ni majina waliyopenda kuwapa mabinti zao wajukuu wa wahamiaji, huko huko Marekani. Kitabu cha ubatizo cha parokia ya Mayo kitakupa Bridget, Honora, Mary, Catherine, Ellen, Margaret. Mimi ningemwita Honora, na kwao wamwite Nora. Halafu ondoa ile aya ya karani anayembadilishia jina. Makarani walifuata orodha ya abiria iliyoandikwa na watu wa meli. Waliobadili majina walijibadilishia wenyewe baadaye.

Sasa nikueleze kwa nini nakung'ang'ania na mwaka. Riwaya ya mapenzi inasimama juu ya swali moja: kitu gani kinawazuia hawa wawili? Kwako kizuizi ni barua iliyopotea na dada mwenye wivu. Hivyo vingeweza kutokea mji wowote, karne yoyote. Tafuta kizuizi kilichozaliwa na mwaka wenyewe.

Mimi ningemfikisha Nora New York Aprili 1856, ana miaka 19, anakuwa msichana wa kazi kwenye nyumba ya tajiri. Kazi hiyo ndiyo waliyoifanya wasichana wengi wa Kiayalandi, hata jina Bridget likawa kama jina la kazi. Mshahara wa miaka ile ulikuwa kati ya dola 4 na 8 kwa mwezi, pamoja na chakula na kitanda cha darini. Mpe dola 6. Nauli ya daraja la chini kutoka Liverpool ilikuwa kama pauni 4, yaani takriban dola 20. Nora ana wadogo wanne nyumbani, na desturi ni kwamba aliyetangulia anamlipia anayefuata. Akiweka dola 3 kila mwezi, dola 80 za nauli zitamchukua miezi 27. Huo ndio urefu wa riwaya yako.

Na hapo ndipo kizuizi kilipo. Msichana wa kazi alilala kwa mwajiri. Akiolewa, anaacha kitanda, anaacha na mshahara, na pesa za nyumbani zinakatika. Mwanaume anayempenda anamwomba, bila kujua, awaache wadogo zake upande wa pili wa bahari. Hapo hahitajiki adui. Wote wawili wana haki, na msomaji ataumia nao wote wawili.

Mwaka utakusaidia tena. Oktoba 1857 mabenki ya New York yalisimamisha kulipa sarafu ya dhahabu na fedha, biashara zikafungwa, vibarua wakarudishwa nyumbani, na familia zilizobana matumizi zikapunguza wasichana wa kazi. Kwa hesabu yetu huo ni mwezi wa 18 wa Nora, theluthi mbili ya kitabu, mahali ambapo riwaya za aina hii huhitaji tegemeo lote livunjike. Huna haja ya kubuni moto wala ajali.

Tatizo la pili ni muda. Nyumba zenye taratibu zilimpa msichana alasiri ya Alhamisi na Jumapili moja katika kila mbili, ukiacha Misa ya alfajiri. Waajiri wengi walikataza wageni wa kiume. Kwenye mswada wako wapenzi wanatembea bandarini Jumanne saa nne asubuhi. Saa hizo Nora yuko kwenye jiko la makaa, ameamka kabla ya saa kumi na mbili kuondoa majivu na kupandisha maji ghorofani. Chora kalenda ya miezi yote 27, weka alama kwenye Alhamisi zake, halafu kila wanapokutana pawe kwenye alama, au mmoja awe amevunja sheria na kitu kimpate. Ukiwanyima muda hivyo, hata kushikana mkono kwenye ngazi za kanisa kutakuwa na uzito.

Wakutane wapi mara ya kwanza? Kwako kijana anatokea ukurasa wa 41, baada ya sura tatu za njaa. Umechelewa. Kwa kitabu cha maneno 80,000 wakutane kabla ya neno la 8,000, na njaa iingie vipande vipande kupitia mambo anayofanya Nora: anavyofungia mkate kwenye leso, anavyoshindwa kumwaga maganda ya viazi.

Nakupendekezea benki. Mwaka 1850 ilifunguliwa New York benki ya akiba ya wahamiaji, Emigrant Industrial Savings Bank. Wateja wengi hawakujua kuandika, kwa hiyo karani alimwuliza kila mmoja maswali na kuandika majibu kitabuni: umezaliwa wapi, umekuja na meli gani, mwaka gani, wazazi wako nani, ndugu zako wako wapi. Akirudi kuchukua pesa aliulizwa tena, na majibu yakilingana ndiyo kitambulisho chake. Sasa itazame foleni hiyo Alhamisi alasiri. Nora mbele, amekunja dola tatu kiganjani. Karani anauliza jina la mama. "Mary Gallagher." Yuko hai? Kimya. "Hayuko." Ndugu? Anawataja wanne, mmoja mmoja, kwa umri. Nyuma yake amesimama kibarua wa bandari mwenye vumbi la chokaa mabegani. Hajamwona hata uso, lakini ameshasikia parokia aliyotoka, waliokufa na wanaomsubiri. Anajua uzito wa zile dola tatu kuliko atakavyojua mtu yeyote mjini. Mapenzi yanaweza kuanzia hapo bila hata mmoja kumsifia mwenzake macho.

Nyenzo nyingine ni matangazo ya kutafutana. Gazeti la The Pilot la Boston liliyachapisha tangu 1831 hadi 1921, na yapo mtandaoni. Tangazo lilitaja jina, kaunti na parokia, mwaka wa kuondoka, mahali mtu alipoonekana mara ya mwisho, pengine na kazi yake. Ukihitaji barua iliyopotea, ifute, uweke tangazo lililosomwa kwa kuchelewa miezi minane.

Yule kijana tajiri Mprotestanti wa Boston simkatai, ila ujue bei yake. Mkatoliki kuoana na Mprotestanti kulihitaji ruhusa ya askofu na ahadi kwamba watoto watabatizwa Katoliki, na ndoa kwa kawaida ilifungwa nje ya kanisa, nyumbani kwa padri, bila Misa. Upande wa mwanaume nao ulikuwa moto: mwaka 1854 chama kilichopinga wahamiaji na Wakatoliki kilishinda ugavana wa Massachusetts na karibu viti vyote vya bunge la jimbo. Wewe umelimaliza jambo hilo kwa ukurasa mmoja wa mama mkwe kununa. Ama lifanye ndilo kiini cha kitabu, ama mchukue kibarua wa bandari. Mimi namtaka kibarua.

Harusi pia umeiweka Machi. Angalia kwanza Pasaka ya mwaka huo iliangukia lini, maana sherehe za ndoa hazikufungwa wakati wa Kwaresima wala Majilio. Ndiyo maana kijijini Ireland ndoa zilirundikana siku za mwisho kabla ya Jumatano ya Majivu. Na mahari ya kule ilikwenda kinyume na tunavyojua sisi: baba wa binti ndiye aliyetoa, na mshenga alisimamia mapatano hadi idadi ya ng'ombe. Binti asiye na mahari mara nyingi alikimbilia Marekani, na kule angeweza kuchagua mume mwenyewe. Hilo lingemshtua Nora, na ningependa nimwone akishtuka.

Usiku wa kuamkia safari walimkalia anayeondoka kama wanavyokalia maiti: majirani, ngoma, vilio vya wanawake hadi alfajiri. Neno letu la matanga linafaa kabisa, matanga ya mtu aliye hai. Lakini hapo mezani umeweka nyama ya ng'ombe ya chumvi na kabichi. Iondoe. Mlo huo ni wa Waayalandi wa Marekani, walipokuta nyama hiyo ni nafuu kwa wachinjaji wa New York. Nyumbani, mwenye nacho alikula nyama ya nguruwe ya chumvi.

Mazungumzo sasa, na hapa umebahatika kuandika kwa Kiswahili. Usimpe Nora Kiswahili kibovu ili aonekane mgeni. Kinamdhalilisha na kinachosha. Watu wa Mayo wengi walizungumza Kiayalandi, na lugha hiyo haina neno moja la "ndiyo" wala la "hapana". Hujibu kwa kurudia kitenzi. "Umekula?" "Nimekula." "Utakuja Alhamisi?" "Sitakuja." Futa kila "ndiyo" kinywani mwa Nora, waachie matajiri. Msomaji hatajua ni nini kilichobadilika, lakini atamsikia tofauti. Salamu yao ni "Mungu awe nawe", na anayejibu huongeza: "Mungu na Maria wawe nawe". Mpenzi huitwa "a stór", hazina yangu, au "a chuisle mo chroí", mapigo ya moyo wangu. Tumia kwa uchache: ukilitia kila ukurasa linakuwa pambo. Kwanza alitamke kibarua, mara moja, akidhani Nora amelala.

Jambo moja usilikwepe. Ukiendeleza hadithi hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe, utafika Julai 1863. Sheria mpya ya jeshi ilimruhusu mwenye dola 300 kununua msamaha, asiye nazo aende. Ghasia zikazuka New York siku nne, Waayalandi wengi wakiwamo, wakawaua watu weusi barabarani na kuchoma kituo cha watoto yatima weusi. Usiwafanye mashujaa wako kuwa vipofu siku hizo. Ama waone na wachague upande, ama umalize kitabu kabla. Lakini kumbuka pia kwamba mtaa wa Five Points waliishi jirani, weusi na Waayalandi, na wengine walioana. Hata ile ngoma ya kugonga sakafu kwa viatu ilikua humo, hatua za Afrika na za Ireland zikiigana.

Mwisho wao uwe pamoja, tafadhali. Aina hii ya riwaya ina ahadi kwa msomaji, na kumuua kibarua ukurasa wa mwisho ni kuivunja. Ila nauli ya mdogo wa nne iwe imelipwa kwanza, na ilipwe kwa njia ambayo msomaji aliiona ikijengwa tangu ile foleni ya benki.

Anza na kalenda, halafu foleni. Hizo sura tatu za njaa ziweke kando, usizitupe, utazichota kadiri unavyoendelea. Ukimaliza foleni nitumie hiyo peke yake, hata kama ni kurasa sita tu.

Mama yako

Na chokaa ile ya mabegani: amua alipakua mapipa gani asubuhi hiyo, na meli ilitoka wapi.