OpenCV imejengeka hadi mwisho kwenye Windows, mbona programu yangu inagoma?

Mkuu, nimekuelewa: umeikompaili OpenCV (maktaba ya kuchakata picha) mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, CMake inayoandaa ujenzi haikulalamika, Visual Studio 2022 yenye kompaila ikamaliza kazi salama, ila ukiiunganisha na programu yako unamwagiwa LNK2019, kosa la kiunganishi kukosa kitu kilichoitwa, skrini nzima. Yalinikuta hapa Mbeya, nikihangaika na kiprogramu cha kupiga picha buni za mjomba wangu wa Mbozi na kutenga zenye kasoro. Siku tatu zilinipotea.

Umebandika LNK2019 peke yake. Hebu panda juu yake utafute onyo la LNK4272. Mimi nililiruka kwa sababu lilikuwa onyo tu, kumbe ndilo lililobeba habari yote: maktaba ni x64 (biti 64), programu ni x86 (biti 32). CMake ikitumia Visual Studio 2022 kwenye mashine ya biti 64 huchagua x64 yenyewe. Lakini ukifungua Developer Command Prompt ya kawaida, kompaila yake hulenga x86. Hapo unafungua nati ya 13 kwa spana ya 12. Funga hilo dirisha, fungua x64 Native Tools Command Prompt, ambayo kompaila yake hulenga x64, kompaili upya programu yako tu. OpenCV yenyewe iache ilivyo.

Ukivuka hapo, angalia Debug (toleo la kutafutia makosa) na Release (la kutumia). Faili za maktaba zenye herufi "d" mwishoni mwa jina ni za Debug. Ukichanganya inaweza kuunganika bila neno, kisha imread, amri ya OpenCV ya kusoma picha, ikakurudishia picha tupu wakati faili unaliona kwa macho. Nilimlaumu sana mjomba kwamba kaharibu picha.

Ikibidi kuijenga OpenCV upya, futa folda yote ya build. CMakeCache.txt inakumbuka uliyochagua mwanzo, na ukiiambia -A x64 juu ya folda ya zamani ya Win32 (yaani x86) itakugomea. Folda ya msimbo usiifute: ndani yake kuna .cache yenye vitu ambavyo CMake ilivishusha, na bando lako unalijua.

Kama memori yako ni GB 4 kama yangu, usiachie kompaila ijiamulie ifanye kazi ngapi kwa mpigo; -j 2 ni mbili tu:

cmake --build build --config Release --target INSTALL -j 2

Niliiacha usiku kucha, na kwa baridi ya Juni huku Uyole, laptopu ilinifaa kuliko jiko la mkaa. Umeme ukikatika rudia amri ileile, itaendelea ilipoishia.

Mwisho ongeza build\install\x64\vc17\bin kwenye PATH (orodha ya folda ambamo Windows hutafuta faili za programu), kwa njia kamili kuanzia C:, halafu fungua dirisha jipya. Lililokuwa wazi halitaiona, bado litakuambia DLL, yaani faili la maktaba, haipo.

Ikigoma tena, bandika mistari yote kuanzia juu, na useme programu yako unaikompaili kwa amri gani.