Madoa ya Gari Jeupe: Yanayotoka na Yaliyokula Rangi

SWALI: Habari za kazi, mafundi. Nina Toyota nyeupe. Huwa naiegesha chini ya mzambarau na kuiosha kwa maji ya kisima. Boneti ina duara za kijivu zisizotoka kwa sabuni, popo wameniachia madoa ya zambarau, na milangoni kumejaa vitone vya rangi ya machungwa. Jirani ananishauri nipige msasa. Mnasemaje?
*Msomaji, Kigamboni*

JIBU: Msasa uweke kando kwanza, ndugu. Una magonjwa matatu na kila moja lina dawa yake. Msasa ni hatua ya mwisho kabisa, na kwenye gari jeupe una hatari kuliko kwenye rangi nyingine. Sababu tutaifikia.

Kwanza ujue kama doa limekaa juu ya rangi au limeila. Osha gari kwa shampuu ya magari, likaushe, kisha vaa mfuko laini wa nailoni mkononi na upitishe vidole juu ya doa. Ukisikia mkwaruzo, kuna kitu kimeganda juu. Kama pako laini lakini duara linaonekana, lowesha kwa maji. Doa la rangi litaendelea kuonekana. Rangi iliyoliwa juujuu huonekana imepona, halafu alama inarudi maji yakikauka. Kazi yote ifanyike kivulini, bati likiwa limepoa kiasi cha kuweka kiganja bila kuungua.

Vitone vya machungwa ni chembe za chuma. Zinatoka kwenye breki, kwenye grainda za wachomeleaji na kwenye reli. Zinatua zikiwa za moto, zinajichimbia kwenye rangi, kisha zinashika kutu. Hakuna gari linalosalimika nazo, ila kwenye jeupe ndipo zinapoonekana. Nunua dawa ya kuondoa chembe za chuma, ile inayogeuka zambarau ikigusana nazo. Puliza, subiri dakika 3 hadi 5, suuza kabla haijakauka. Vaa glavu, maana harufu yake ni kali na haifai kwa ngozi. Zitakazobaki zitolewe kwa klei, ule udongo laini wa kusafishia rangi. Weka shampuu kijiko kimoja cha chai kwenye nusu lita ya maji, nyunyiza, kisha telezesha klei bila kukandamiza, ukiikunja mara kwa mara upate upande safi. Klei ikidondoka chini, itupe. Imeshazoa mchanga, na ukiirudisha kwenye boneti itachora. Wengi huanza na klei wakaruka dawa. Klei peke yake inakata kichwa cha chembe na kuacha mzizi, na baada ya mvua kadhaa kitone kinarudi palepale.

Duara za kijivu ni chokaa. Visima vingi vya pwani vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji yake yamebeba chokaa, nayo inabaki kwenye bati tone likikauka juani. Sabuni haiyeyushi chokaa, tindikali hafifu ndiyo inayoiyeyusha. Changanya siki nyeupe na maji ya mvua nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, kilaze juu ya duara dakika 2 au 3, futa, suuza kwa maji mengi, kisha osha tena kwa shampuu ili siki isibaki kwenye maungio. Rudia mara mbili kama inabidi, lakini usiiache ikaukie hapo. Duara likibaki baada ya hapo, chokaa imeshatoka na unachokiona ni alama yake kwenye rangi.

Madoa ya zambarau yana mambo mawili. Rangi ya tunda hutoka kwa shampuu ya vuguvugu, kisha pamba yenye spiriti ya asilimia 70, na kivuli kidogo kinachobaki hufifia chenyewe kwa jua la siku chache. Tatizo ni kinyesi chenyewe. Kina tindikali, na jua linapolainisha rangi huku kinyesi kikikauka na kujikunja, rangi chini yake huvutwa na kuliwa. Kwenye bati la moto saa chache zinatosha. Usikikwangue kikiwa kikavu, kwa kuwa kina mbegu na mchanga. Kilaze chini ya kitambaa chenye maji dakika 10, kisha kinyanyue.

Sasa alama zilizokula. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi juu, kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 150, unene wa karatasi ya daftari au zaidi kidogo. Klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi, ni kama mikroni 40 tu, na haioti tena. Anza kwa polishi laini na sponji laini, mapito manne au matano kwenye eneo la sentimita 40 kwa 40. Futa kwa spiriti ili mafuta ya polishi yasikudanganye, kisha tazama kwa tochi ukiimulika kutoka ubavuni. Bado ipo? Panda kwenye kompaundi, ambayo husugua kwa ukali kuliko polishi, halafu urudi kwenye polishi. Alama ikififia kwa kiasi kikubwa, iache hapo. Kuifuta kabisa kunaweza kula klia ambayo gari litaihitaji miaka ijayo.

Hatari ya msasa ni hii: kwenye gari jekundu, ukitoboa klia maji ya msasa yanageuka mekundu na unasimama. Kwenye jeupe, vumbi la klia ni jeupe na la rangi ni jeupe, kwa hiyo hakuna kinachokuonya. Akiupiga fundi mwenye kipimo cha unene wa rangi, namba 2000 ya maji kisha 3000, mikono michache tu, ni sawa. Asiye nacho asiguse.

Soma pia kibao cha gari, kwenye nguzo ya mlango au chumba cha injini, palipoandikwa C/TR, ndipo ilipo namba ya rangi. Toyota yenye 040 ni nyeupe ya kawaida, na nyingi hazina klia kabisa, hivyo kitambaa cha polishi kitatoka cheupe; usishtuke, ila piga kidogo. Yenye 070 ni ya lulu, ina tabaka la lulu kati ya rangi na klia. Ukilifikia hilo, paneli nzima inapakwa upya, na kuipatia rangi ilingane na milango ya jirani ni kazi ngumu hata kwa fundi mzuri.

Ukimaliza paka nta, na suuzo la mwisho la kila kuosha liwe la maji ya mvua. Kisha futa gari likauke papo hapo. Na hama chini ya huo mti msimu wa zambarau.

SWALI: Dawa ya meno, Jik na mafuta ya breki vinatoa doa kweli?
*Msomaji, Tanga*

JIBU: Mafuta ya breki hulainisha rangi mpaka ivimbe na kubanduka; yakidondoka kwa bahati mbaya, mwagia maji mengi papo hapo. Jik haiyeyushi chokaa wala chuma, na inaharibu raba na kuleta kutu. Dawa ya meno ina punje za kusugulia ambazo hazikupimwa kwa klia, kwa hiyo inaacha ukungu utakaouona jua likipiga.

SWALI: Barabara yetu inawekwa lami. Sehemu ya chini ya milango imejaa vitone vyeusi.
*Msomaji, Kilifi*

JIBU: Lowesha pamba kwa mafuta ya taa, ishikilie juu ya kitone dakika moja, futa kwa kuelekea upande mmoja, badilisha pamba ikichafuka. Osha kwa shampuu siku hiyohiyo na upake nta, kwa sababu mafuta ya taa yameiondoa. Thina usitumie: paneli iliyowahi kupakwa rangi upya gereji inaweza kuyeyuka, na bampa za plastiki ndizo hupakwa upya mara nyingi zaidi.