Tuliulizwa tutakuwa nani, hatukuulizwa tunapenda kufanya nini

Nikiwa darasa la nne kule Makambako, mwalimu alitupitia mmoja mmoja: ukiwa mkubwa unataka kuwa nani? Rubani, daktari, mwanasheria, daktari. Nami nikasema daktari. Baba alipopata habari alifurahi mno, na tangu siku hiyo nyumbani nikaitwa Dokta. Sikuwa nimewahi kumwona daktari akifanya kazi hata siku moja.

Ila kila likizo nilishinda kwa mjomba, aliyekuwa na kibanda cha kutengeneza redio karibu na stendi. Nilimshikia tochi, nikafungua redio mbovu, nikafika hatua ya kuijua kapasita iliyoungua kwa harufu yake kabla sijaiona. Hakuna aliyeniuliza habari za kibandani, na mimi mwenyewe niliona ni mchezo tu.

Matokeo ya kidato cha nne yakatoka: Fizikia C, Kemia D, Baiolojia D. PCB, yaani tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia wanayopitia wanaotaka udaktari, ikawa imenipita. Karibu miaka miwili nikajificha Njombe, nikiuza dukani kwa mtu. Hata sikukuu sikwenda nyumbani, kwa kuogopa kuitwa jina lile. Ninachokijutia leo ni miaka hiyo miwili. Zile D zilishanitoka moyoni. Kwa hiyo wewe ambaye matokeo yamekuangusha, nakusihi uende nyumbani mapema. Kaa na mama, mwambie ukweli. Wataumia, kisha wataanza kutafuta njia pamoja nawe. Yangu aliipata mjomba: mteja wake mmoja alimweleza kuwa kuna stashahada ya uhandisi wa vifaa tiba, miaka 3, na kwamba Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) wanaifundisha.

Sasa mimi ni fundi vifaa tiba katika hospitali ya wilaya. Juzi mashine ya oksijeni ya wodi ya watoto ilianza kulia. Mashine hii huvuta hewa hii hii tunayovuta sisi, ikaizuia naitrojeni na kutoa oksijeni. Chujio likijaa vumbi, oksijeni inapungua. Kiangazi huku vumbi halina huruma. Nikabadilisha chujio, nikapima, ikasoma asilimia 93. Mtoto aliyekuwa amehamishiwa kwenye mtungi akarudishwa kwenye mashine, na mama yake akaniambia, "Asante, daktari." Nikamwambia mimi ni fundi, na nilisema hivyo kwa furaha.

Sisemi ndoto za utotoni ziachwe. Mwenzangu mmoja aliyesema daktari siku ile ni daktari kweli leo. Alisoma miaka 5, akaongeza mmoja wa mafunzo kazini. Lakini yeye tangu mdogo ndiye aliyekuwa akimsafisha bibi yake kidonda cha mguu, asubuhi na jioni, bila kutumwa. Kazi alikuwa ameshaianza, jina la kazi likaja baadaye.

Ndiyo maana kijana akinijia kuuliza achague tahasusi gani au kozi gani, simpi jina la kazi. Namwambia amtafute anayeifanya, ashinde naye siku nzima, amwangalie tangu anapofungua mlango hadi anapofunga, pamoja na yale yanayochosha. Mhasibu, muuguzi, fundi bomba, yeyote. Ikiwezekana arudi na siku ya pili, maana siku ya kwanza mwenyeji huonyesha mazuri. Halafu akumbuke alikuwa akifanya nini pale alipokuwa halazimiki kufanya lolote.

Mwezi uliopita binti wa dada yangu, mwenye miaka 9, alikuja kwetu. Nikamuuliza anapenda kufanya nini akitoka shule. Akakimbia kwenye begi lake, akaniletea daftari: mayai ya kuku wa bibi, siku kwa siku, jina la kila kuku, na alama ya msalaba kwa yule aliyeacha kutaga. Tulikaa nalo hadi chakula kikapoa.