Kabla Hujanunua Gari la Dizeli Tanga, Ijue Injini Inafia Wapi

Dalali atakwambia Prado ni Prado. Si kweli. Prado mbili zilizopaki ubavu kwa ubavu pale Ngamiani, rangi moja na umbo moja, zinaweza kuwa na injini mbili tofauti kabisa, na kila moja ina mahali pake pa kufia. Ukipajua mahali hapo, unakagua kwa akili. Usipopajua utaishia kusifia viti.

Anza na kadi ya gari. Namba ya chasisi ya Toyota inajieleza: KZJ95 ina injini ya 1KZ, KDJ95 ina 1KD, HZJ ni 1HZ. Hiace ya LH ina jamii ya L, yaani 3L, 5L na ndugu zao. Ya KDH ina jamii ya KD. Kisha fungua boneti, usome kibati na namba iliyogongwa kwenye injini yenyewe. Injini kubadilishwa si dhambi, ila namba iliyomo kwenye gari iwe ndiyo iliyomo kwenye kadi.

Tuanze na wazee. 1HZ ina silinda sita, ujazo wa cc 4164, haina turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini). Mafuta hupulizwa kwanza kwenye chumba kidogo ndani ya hedi (sehemu ya juu ya injini inayofunika silinda), ndipo moto unashuka kwenye pistoni. Mpangilio huo unapoteza joto na mafuta, kwa hiyo gari ni zito kuondoka na linakunywa. Faida yake ni kwamba presha ya nozeli, yaani kifaa kinachopuliza mafuta, ni ndogo na pampu ni ya kimakanika, hivyo inavumilia dizeli ambayo ingeua injini ya kisasa ndani ya miezi. 5L ya Hiace na Hilux ni ya ukoo huohuo kwa tabia. Injini hizi zinafia kwenye mkanda wa taimingi. Ubadilishwe kila kilomita 100,000, pamoja na beringi yake ya kukazia, maana ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi isikupe imani: inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa. Kama hakuna karatasi ya gereji inayoonyesha ulibadilishwa lini, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Kuna jambo la Tanga hapa. Injini za aina hii zinahitaji plagi za joto ili kuwaka zikiwa baridi, lakini kwa joto la pwani hata plagi mbili zikiwa zimekufa gari linawaka tu. Mwenye gari hajui, na wewe hutajua mpaka siku utakapolala nalo Lushoto mwezi wa saba. Plagi zipimwe moja moja kwa tester. Ni kazi ya dakika chache.

1KZ-TE ndiyo inayowaliza watu wengi, nami nasema wazi: ni injini nzuri iliyowekewa hedi isiyosamehe. Ni cc 2982, silinda nne, ina turbo. Ikichemsha mara moja tu sawasawa, hedi inapata ufa kati ya valvu, na hakuna kuskimu (kusawazisha uso wa hedi kwa mashine) kunakoponya ufa. Chanzo huwa rejeta iliyoziba, feni ambayo clutch yake imechoka, au mtu kuondoa thermostat (valvu inayodhibiti joto la maji ya injini) na kujaza maji ya bomba badala ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini. Kwa hiyo usikubali gari ulilokuta limeshapashwa. Fika alfajiri, shika boneti, iwe baridi. Shika mpira wa juu wa rejeta: ukiwa mgumu wakati gari limelala usiku kucha, presha inatoka kwenye silinda. Fungua kifuniko cha rejeta (kikiwa baridi tu!), gari liwashwe, tazama mapovu. Mapovu machache mwanzoni ni hewa. Yakiendelea kutoka bila kukoma baada ya dakika kadhaa, ni gesi ya moto, ondoka. Likipita hapo, ulizia kulipeleka Mombo na kulipandisha Lushoto kwa mwendo wa kawaida, AC ikiwa imewashwa. Sindano ya joto ikisogea kupita katikati kwenye zile kona, jibu umeshapata. Muuzaji akikataa safari hiyo, umelipata pia.

Sasa 1KD-FTV na mdogo wake 2KD. Hizi zinatumia reli moja ya mafuta kwa nozeli zote, na kompyuta ndiyo inayoamua nozeli ifunguke lini. Presha kwenye reli inapita bar 1,000. Kwa presha hiyo, mafuta yenyewe ndiyo yanayolainisha pampu na nozeli. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ni nyepesi, hailainishi, na chuma kinaanza kula chuma. Maji ni mabaya zaidi. Nozeli ikianza kuvuja, mafuta yanachuruzika kwenye pistoni wakati usiostahili, na pistoni inaweza kupasuka.

Lakini kifo cha kimyakimya cha 1KD ni washa za shaba, yaani ringi bapa za kuziba, zilizo chini ya nozeli. Zikichoka, moto wa silinda unapenya juu, unachoma oili mpaka inakuwa lami, na lami hiyo inakwenda kuziba chujio lililo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Injini inakosa oili na kunoki ghafla, wakati stiki ya kupimia inaonyesha oili imejaa. Dalili: asubuhi taa ya oili inachelewa kuzima baada ya kuwasha. Dawa ni kushusha sampu na kulitazama chujio kwa macho. Kwa nozeli, fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta atazame marekebisho ya kila silinda injini ikiwa na joto, gari likiwa sailensa (linaunguruma bila kukanyagwa mafuta): namba ikipita 3, iwe chanya au hasi, nozeli hiyo inaelekea ukingoni.

Moshi nao usomwe. Mweusi ukikanyaga ni mafuta mengi au hewa kidogo, angalia filta ya hewa, turbo na EGR (valvu inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini). Wa bluu ni oili. Mweupe usioisha injini ikishapata moto ni dizeli isiyoungua au kulanti. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Upepo kidogo ni kawaida, moshi unaosukumwa kwa mikupuo ni ringi zilizokwisha. Rangi nyeusi ya oili isikutishe, dizeli inaichafua mapema. Oili inayong'aa ndiyo ya kuulizia: imemwagwa jana kwa nini? Ikiwa kama kahawa ya maziwa, kuna maji ndani.

Mazda CX-5 ya dizeli kutoka Japani ni ya kundi jingine, lenye DPF, chujio la masizi kwenye egzosti. Chujio hujisafisha kwa joto la juu, nalo linahitaji mwendo wa dakika 15 hadi 20 barabara kuu. Mtu anayezunguka Raskazone, Chumbageni na sokoni halipi nafasi hiyo. Masizi yanajaa, na dizeli ya ziada inayonyunyizwa kuyachoma inashuka kwenye oili. Ndiyo maana stiki ya gari hilo ina alama ya X juu ya ile ya kujaa. Oili ikiikaribia, imwagwe. Anayekwenda Segera na kurudi kila wiki hatapata shida hiyo. Wa mjini tu, mimi ningemshauri anunue petroli.

Chumvi ya bahari hapa haichagui injini. Pitisha kidole kwenye mapezi ya rejeta na intercooler (kipoza hewa ya turbo). Yakimomonyoka kuwa unga, hesabu ubadilishaji.

Ukishaamua, weka kando fedha ya kazi za kwanza: oili (1KZ na 1KD huchukua kama lita 7) na filta yake, ibadilishwe kila kilomita 5,000, filta ya dizeli, mkanda na beringi yake, kulanti mpya. Maji yafunguliwe chini ya filta ya dizeli kila mwezi, masika mara mbili. Jumla ya gharama hiyo uitaje mbele ya muuzaji, ikatwe kwenye bei kabla hamjashikana mikono.